Jiwe la Cinquantenaire na Vita vya Maniema

Ukitoka kituo cha metro cha Merode, mjini Brussels, tao la mawe lenye milango mitatu linakukabili. Juu yake farasi wanne wa shaba wanavuta gari la mwanamke aliyeshika bendera. Nyuma ya tao kuna bustani ya Cinquantenaire, hekta kama 30 za majani, miti mirefu na njia za changarawe, ambako wenyeji wanakimbia asubuhi na kusukuma watoto wao kwenye vigari. Hapo zamani palikuwa uwanja wa mazoezi ya kijeshi. Mwaka 1880 Ubelgiji ilitimiza miaka 50 ya uhuru, maonyesho makubwa yakafanyika pale, na mbunifu Gédéon Bordiau akapewa kazi ya kulichora tao. Siku ya sherehe ilifika kazi haijaisha, na sehemu kubwa ya walichokiona wageni ilikuwa mbao na plasta.

Kwa miaka 25 tao halikumalizika, maana bunge halikutaka kulilipia. Bordiau akafariki 1904, Mfaransa Charles Girault akashika kazi, mafundi wakajenga usiku na mchana, na Septemba 1905 Mfalme Leopold II akalizindua. Watu waliambiwa ni zawadi ya matajiri wachache wapenda nchi. Ukweli ni kwamba matajiri hao walikopesha majina yao tu; pesa zilikuwa za mfalme, naye alizipata Congo. Katika miaka hiyo alikuwa amejitengea eneo lake binafsi kuzunguka ziwa ambalo leo tunaliita Mai-Ndombe, kubwa kuliko Ubelgiji mara kadhaa, na watu wa huko walilazimishwa kwa bunduki na kwa viboko kuleta mpira. Msoshalisti Emile Vandervelde alilipa tao lile jina la tao la mikono iliyokatwa. Wanaopiga picha pale kila Jumapili hawaelezwi habari hizo mahali popote.

Mimi ninafundisha historia kwenye sekondari moja ya Goma. Nilipopata nafasi ya kumtembelea dada yangu mkubwa anayekaa Ixelles, jirani na mtaa wa Waafrika wa Matonge, nilimwomba anipeleke Cinquantenaire kabla ya mahali pengine popote.

“Yaya, kuna jiwe la vita vya Maniema mle ndani.”

“Vita gani tena?” akaniuliza. Ameishi mji ule kwa muda mrefu, amewalea watoto wake pale, na bustani ile anaijua vizuri. Jiwe lile hakuwahi kusimama kulitazama.

Simlaumu. Limewekwa pembeni, chini ya miti, mbali na tao. Ni mnara wa wale wanaoitwa mapayonia wa Kibelgiji nchini Congo, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, yuleyule aliyeshirikiana na Jules Lagae kutengeneza farasi wa juu ya tao. Ulizinduliwa mwaka 1921, wakati wa Mfalme Albert wa Kwanza, ambaye miaka minne baadaye jina lake lilipewa hifadhi yetu ya Virunga. Juu kabisa Ubelgiji, kwa umbo la mwanamke, anawapokea watu weusi. Chini kijana mweusi amejilaza, mamba yuko karibu naye. Huyo ndiye mto Congo. Upande mmoja askari wa Kibelgiji anajitoa kwa ajili ya mkubwa wake aliyejeruhiwa. Upande mwingine askari mwingine anamkanyaga mtu aliyeanguka, na maandishi yanasema kwamba ushujaa wa kijeshi wa Wabelgiji unamwangamiza Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa.

Nilisogea hadi karibu ili niyasome mwenyewe. Kwenye mstari wa Kifaransa, pale ambapo neno la Mwarabu lilipaswa kuwa, jiwe limekwanguliwa. Herufi za kabla na za baada zimesimama wazi, na katikati kuna kovu jeupe lenye mikwaruzo ya patasi. Neno lilifutwa miaka ya 1980 baada ya malalamiko ya kibalozi, likarudishwa kwa shinikizo la wakoloni wa zamani, kisha likafutwa tena. Hatua chache kutoka hapo kuna Msikiti Mkuu wa Brussels, jengo la karne ya 19 lililojengwa kwa mtindo wa Kiarabu ambalo Mfalme Baudouin alimkabidhi Mfalme Faisal wa Saudi Arabia mwaka 1967, likafunguliwa kama msikiti mwaka 1978. Ninaelewa kwa nini waumini wanaopita pale walichukizwa. Lakini ugomvi wote huo umekuwa kati ya Wazungu na Waarabu, juu ya neno moja, na sisi tuliopigana vita vile hakuna aliyetuuliza.

Sababu vita vile vilikuwa vyetu. Mama wa mama yangu alizaliwa Kasongo, Maniema. Kiswahili alikikuta nyumbani, wala si shuleni, na alikuja nacho Goma alipoolewa.

Mwaka 1887, huko Zanzibar, Leopold kupitia kwa mpelelezi Stanley alifanya mkataba na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, akamfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kwa hiyo mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa upande wa mashariki alikuwa mtumishi wa mfalme, akilipwa mshahara wa kila mwezi. Mnara hausemi hilo. Miaka mitano baadaye, pembe za ndovu zilipokuwa hazitoshi kugawana, vita vikaanza. Tippu Tip alikuwa amesharudi Zanzibar. Aliyebaki kuongoza ni mwanawe Sefu. Upande wa Dola Huru ya Congo, yaani dola ya Leopold mwenyewe, aliongoza ofisa Francis Dhanis. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata, Sefu akafa mwaka huohuo, na mwanzoni mwa 1894 Rumaliza, mfanyabiashara mwenzao, naye akashindwa. Dhanis alipewa cheo cha baroni.

Sitaki mtu afikiri ninawatetea Wangwana, yaani wafanyabiashara wale waliotoka pwani na watu wao. Utumwa ulikuwa kweli, na ulikuwa ukatili. Msafiri Livingstone alikuwa Nyangwe mwezi Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walipofyatulia risasi soko lililojaa wanawake, na mamia waliuawa au kuzama mtoni wakikimbia. Kuna vijiji vya Maniema ambavyo havikuinuka tena. Mwanafunzi wangu akinijia na habari kwamba Tippu Tip alikuwa shujaa wa Waafrika, ninamrudisha kwenye siku ile ya soko.

Ninachokikataa ni yule askari wa mnara. Dhanis alikuwa na Wazungu wachache sana. Waliobeba bunduki walikuwa askari weusi, wakiwemo Wahausa walioandikishwa Afrika ya Magharibi, na zaidi yao wapiganaji wa Ngongo Lutete kwa maelfu. Ngongo alikuwa chifu aliyekulia katika biashara ileile, aliyemtumikia Tippu Tip na kuvamia vijiji kwa ajili yake, kisha mwaka 1892 akahamia upande wa Dola. Bila watu wake Dhanis asingefika Nyangwe. Upande wa Sefu nao Waarabu wa Oman walikuwa wachache. Waliobaki walikuwa watu wa Maniema, watu wa pwani, na watumwa waliopewa silaha. Waafrika waliuana na Waafrika, na mchongaji akaweka pale Mzungu mmoja na Mwarabu mmoja.

Na huyo anayesemekana ameangamizwa, lugha yake, Kiswahili, ndiyo tunayoisikia Goma kwenye masoko ya Virunga na Birere, ndiyo anayoitumia mwendesha chukudu, baiskeli yetu ya mbao, akimwomba mtu apishe njia. Tao lilizinduliwa mwaka 1905, na mwaka huohuo, miezi michache kabla, Tippu Tip alifariki kwa ugonjwa nyumbani kwake Zanzibar, akiwa ameshasimulia maisha yake kwa Kiswahili na kuyaacha kwenye maandishi.

Siku iliyofuata tulipanda tramu namba 44 kwenda Tervuren, kwa sababu maonyesho ya kimataifa ya Brussels ya 1897 yalikuwa ya sehemu mbili: Cinquantenaire na kule, na barabara pana inayoziunganisha ilikatwa kwa ajili hiyo. Tervuren ndiko Leopold alikowaweka Wakongo 267 katika vijiji vya maonyesho kando ya bwawa. Wageni zaidi ya milioni moja walikwenda kuwatazama. Majira yale ya joto yalikuwa ya baridi na mvua, na saba walikufa. Makaburi yao yako ubavuni mwa kanisa, kila moja na jina lake: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Dada yangu aliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, akasimama kwa Samba, kwani ni jina analolijua kutoka nyumbani.

Mwaka 2022 jopo la wataalamu lilitoa ripoti kwa serikali ya mkoa wa Brussels juu ya alama za ukoloni mitaani na kwenye bustani. Wapo wanaotaka mnara wa Vinçotte uondolewe kabisa. Mimi ninapinga. Ukiondolewa, bustani itabaki na majani yake mazuri na tao lake, na pesa zilizolijenga zitakuwa zimesahaulika kwa raha zaidi. Uachwe palepale, na kovu lake la patasi lisizibwe. Ila mbele yake liwekwe jiwe lingine lenye majina, kama Tervuren, kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kiswahili, la watu weusi waliokufa vitani pande zote mbili. Jina la kwanza liwe la Ngongo Lutete. Maofisa wa Dola aliyoipigania walimshtaki kwa uhaini, wakamhukumu haraka, na tarehe 15 Septemba 1893 wakampiga risasi kwake Ngandu, vita vikiwa bado havijaisha.