Mlango wa Nyumba na Mlango wa Kituo

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi kwa barabara kuu huipita Hedaru upesi, akaona maduka yaliyopangana kandokando ya lami, na reli waliyoilaza Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na upande wa mashariki ukuta wa milima ya Upare ulioinuka ghafula, hata barabara ipandayo Vunta huonekana kama uzi uliotundikwa. Aghalabu hafikirii kwamba nchi hiyo yenyewe, kwa jinsi ilivyokaa, yaeleza nusu ya habari ninayotaka kuisimulia: kwamba kwa muda mrefu sulhu ya nyumba ilikaa mlimani kwa wazee, na sheria ya serikali ikakaa bondeni penye reli na barabara, na mke aliyepigwa usiku, akitaka kusikilizwa na sheria, hakuwa na budi kuteremka.

Huko juu mambo yalikuwa na taratibu zake. Ndoa ilikuwa ahadi ya koo mbili, na mke aliyedhulumiwa alikimbilia kwa baba au kaka zake, na mume akamfuata kuomba radhi mbele ya wazee, ambao shabaha yao kubwa ilikuwa kuiponya ndoa. Baadaye wazee wa kanisa nao wakaingia katika amali hiyo, maana Waadventista walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao Mamba Giti, mlimani huko huko, tangu mwaka 1903. Sitaki kuwadharau wazee hao, kwani wameokoa nyumba nyingi. Walakini baraza lao lilikuwa na kasoro moja ambayo hakuna hekima iliyoweza kuifidia, nayo ni kwamba lilikaa asubuhi, ilhali kipigo kilikuwa cha usiku.

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilitangazwa rasmi mwaka 1919, na makao yake makuu ya kwanza yakawekwa Lushoto, katika milima jirani ya Usambara, mpaka yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1930. Askari wake walimjua mwizi, na mlevi wa njiani, na mkwepa kodi. Jiko la mtu halikuwa katika doria yao, na mashauri ya ndoa yaliachiwa mabaraza ya machifu. Katika miaka ya 1940, Wapare walipoikataa kodi ya mbiru, wanawake wao pia waliondoka majumbani wakaandamana, na serikali ikalazimika kuwasikia. Nami hustaajabu kidogo kwamba sauti ile ile iliyotikisa boma kwa habari ya kodi ilihesabiwa kuwa jambo la nyumbani ilipolalamikia kofi.

Wala si kwamba sheria ilikuwa imenyamaza. Kanuni ya Adhabu ya zama za Waingereza, ambayo tumeirithi, yafanya shambulio kuwa kosa, na haimtoi mume. Iliyomtoa ni desturi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yaenda mbali zaidi, kwa kuwa ingawa kwa kawaida mke hashurutishwi kumshuhudia mumewe upande wa mashtaka, kifungu cha 130 chasema kwamba kosa likimgusa mwili wake mwenyewe, au mali yake, au watoto wao, anaweza kuitwa na akashurutishwa. Ndipo ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na Waraka wa Serikali wa 1969 uliojadiliwa nchi nzima kwa ukali, na kifungu chake cha 66 kikatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumtia mwenziwe wa ndoa adhabu ya viboko au ya mwili, hata kama mila yaruhusu. Mwaka huo huo wa 1971 huko London, mtaa wa Chiswick, ndipo ilipofunguliwa nyumba ya kuwahifadhi wake waliopigwa iliyokuja kupata sifa duniani. Na Bunge la Uingereza halikuwapa polisi nguvu mahsusi ya kumkamata mume avunjaye zuio la mahakama mpaka 1976. Kwa hiyo hatukuchelewa kusema. Tulichelewa kutenda, maadamu kifungu chetu cha 66 hakikutaja adhabu yoyote.

Natuangalie sasa mke mwenye kuteremka akifika kaunta ya polisi. Malalamiko yake huandikwa kitabuni naye hupewa namba, ile tunayoiita RB. Akiwa na jeraha hupewa fomu ya polisi, PF3, aipeleke hospitali, daktari aijaze, nayo irudi kuwa ushahidi. Maelezo yake huandikwa. Mtuhumiwa akikamatwa, sheria yataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana. Utaratibu ni mzuri, lakini kwa miaka mingi ulifuatwa mbele ya foleni ya watu, na jirani, na pengine shemeji, na mara nyingi ukakatizwa kwa maneno ambayo kila Mtanzania ameyasikia: nendeni mkayamalize nyumbani. Hata sheria yaacha mwanya wa maneno hayo, kwani kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 chairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida. Tazama lakini insafu ya kifungu hicho: ruhusa hiyo imepewa mahakama, wala si askari wa zamu.

Badiliko kubwa halikutoka katika sheria mpya. Baada ya kazi ndefu ya wanawake, ambao waandishi wa habari miongoni mwao waliunda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, na baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, askari wanawake wenyewe waliunda mtandao wao mwaka 2007, wakati wa Inspekta Jenerali Saidi Mwema, na punde yakafuata Madawati ya Jinsia na Watoto, yaliyopata mwongozo wake mwaka 2012 na ambayo sasa yamepita 400 nchini. Dawati ni nini? Ni chumba chenye mlango ufungwao, na askari aliyefundishwa kusikiliza. Mtu aweza kucheka kwamba chumba ndicho kilichokosekana miaka yote hiyo. Mimi sicheki, kwa sababu uchunguzi wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta kwamba wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamepata kupigwa au kudhuriwa mwili tangu walipotimiza miaka 15, na wengi wa wanawake hao hawajapata kuugusa mlango wa kituo.

Lililobaki ni swali la usiku ule ule wa kipigo: nani atamlinda mke kabla shauri halijakatwa? Uganda ilitunga sheria mahsusi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015, na zote mbili zatoa amri za ulinzi zinazoweza kumweka mpigaji mbali na nyumba hata kabla shauri halijaisha. Tanzania Bara haina sheria ya namna hiyo, na kifungu cha 66, kilichokwisha kupita nusu karne, bado hakijatajiwa adhabu.