Kiumbe au Kioja? Madinosaria Katika Sinema



Huenda watoto wako wamekwisha kukuketisha mbele ya televisheni, ukatazama pamoja nao moja katika zile sinema za madinosaria, wanyama wakubwa wa kale waliotoweka duniani kabla ya binadamu kuwako. Wengi wetu huzihisabu sinema hizi kuwa ni upuuzi wa kupitisha wakati. Lakini tukizipanga kwa miaka yake, tutaona kuwa ndani yake mna suali ambalo dini yetu ililijibu zamani: je, mnyama ni kiumbe mwenye haki zake, au ni kioja cha kuchumia pesa?

Tuanze na mwaka 1914. Mchoraji wa Marekani, Winsor McCay, alimchora dinosaria jike akampa jina la Gertie, kisha akawa anasimama jukwaani na mjeledi mkononi, na Gertie yuko kwenye pazia jeupe ubavuni pake. Akimwamrisha ainame, huinama, akimwambia ainue mguu, huinua, akimkaripia, hulia. Watu wakicheka sana. Basi dinosaria wa mwanzo kupata sifa katika sinema alikuwa mnyama wa sarakasi.

Mwaka 1925 ikatoka The Lost World, iliyotokana na kitabu cha Arthur Conan Doyle cha mwaka 1912. Ndani yake profesa anamleta dinosaria mzima mpaka London ili awanyamazishe waliomkadhibisha. Mnyama anaponyoka, daraja linakatika kwa uzito wake, naye anaogelea kwenda zake baharini. Mwaka 1933 ikafuata King Kong: sokwe mkubwa anatolewa katika kisiwa cha madinosaria, anatiwa minyororo, na anaonyeshwa kwa tikiti mjini New York. Mwaka 1969, katika The Valley of Gwangi, watu wa sarakasi wanamnasa dinosaria bondeni kwake, wanampeleka kwenye maonyesho, na mwisho wake anateketea kwa moto ndani ya kanisa.

Tazama jinsi mambo yanavyokariri. Mnyama yuko kwao, hakwenda mjini kumtafuta mtu. Binadamu ndiye aliyemfuata, akamfunga, akamtangaza. Minyororo ilipokatika, mnyama akaitwa dubwana, akafukuzwa au akauawa. Aliyeuza tikiti aghalabu hakuulizwa kitu.

Mwaka 1993 Steven Spielberg akatoa Jurassic Park, kutokana na kitabu cha Michael Crichton cha mwaka 1990. Tajiri mmoja amefanya bustani ya madinosaria kisiwani, karibu na Costa Rica. Mbuzi anafungwa ili mnyama mkali atokeze, na wageni wanangoja garini, lakini mnyama hatokezi. Mtaalamu anawaambia kuwa yule hataki kulishwa, ataka kuwinda. Mbele kidogo wanamkuta triseratopsi amelala chini, mgonjwa. Wanashuka, mmoja anajilaza ubavuni pake kusikiliza pumzi zake, mwingine anachunguza ulimi wake. Hapo hapana tena kioja. Pana kiumbe anayeumwa, na watu wanaotaka kujua kinachomuumiza.

Wala usidhani wanyama hawa ni uzushi wa wenye sinema. Yule mwenye shingo ndefu, ambaye wageni wa bustani ile wanamwona mwanzo, ni brakiosauri. Mifupa ya jamaa yake ilifukuliwa Tendaguru, karibu na Lindi, baina ya mwaka 1909 na 1913, zama za Wajerumani. Waliochimba ni wenyeji, mmoja wa wasimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani, na wachukuzi wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini. Leo imesimamishwa Berlin, kimo chake chapita mita 13. Alikuwa kiumbe kweli, aliyekula na kufa kwa amri ya Mola wake.

Katika Jurassic World ya mwaka 2015 bustani imekwisha kufunguliwa. Watoto wanapanda migongo ya triseratopsi wachanga kama punda. Papa ananing'inizwa juu ya maji, mnyama wa baharini anamrukia, na umati unapiga makofi. Lakini watazamaji wamekinai, basi wenye bustani wanatengeneza mnyama mpya, mkali zaidi, wakamlea peke yake ndani ya kuta. Anapotoroka anaua hata asiowala. Bibi msimamizi, aliyezoea kuwahisabu wanyama kama mali ya dukani, anapiga magoti kando ya mmoja anayekata roho, anamgusa kichwa, na uso wake unabadilika.

Lakini angalia mtego ulipo. Sinema hiyo inayowalaumu wauza tikiti yenyewe ilichuma zaidi ya dola bilioni 1.6. Na aliyekinai ni nani kama si sisi, tunaotaka kila mwaka meno makubwa zaidi?

Qur'ani Tukufu, katika Suratul An'am aya ya 38, yatufundisha kuwa wanyama na ndege nao ni umma mfano wetu. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Zingatia, hakutajwa kwa kumpiga wala kumkata. Kosa lake ni kumfungia na kumsahau kuwa ana njaa.

Basi usiwafukuze watoto mbele ya sinema hizi, kaa nao. Waulize ni wapi walipomwonea mnyama huruma, na ni wapi walipomshangilia. Kisha watoke nje wamtazame kunguru aliyefungwa uzi mguuni, na punda aliyeelemewa na mzigo huku watu wakicheka. Dinosaria hahitaji tena huruma yetu. Hawa waihitaji leo.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayoona viumbe Vyake kwa rehema. Amin.