Chunjua za mkono na kansa ya mlango wa kizazi: HPV ni jina moja, aina ni nyingi

Mtoto kuota chunjua kwenye vidole ni jambo la kawaida, Lweba kama Baraka na kwingineko. Chunjua hizo zinaletwa na virusi viitwavyo HPV, na jina hilohilo linatajwa katika kansa ya mlango wa kizazi. Je, chunjua ya mkononi huleta kansa hiyo? Hapana. Lakini ilichukua miaka mingi kulijua hilo.

Mwaka 1842, daktari Domenico Rigoni-Stern alichunguza orodha za vifo za mji wa Verona, Italia. Aliona kwamba kansa ya kizazi iliua wanawake walioolewa, lakini kwa masista ilikuwa nadra. Hapo ikaanza dhana kwamba ugonjwa huu unahusiana na tendo la ndoa.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, wataalamu wengi walilaumu virusi vya herpesi. Mjerumani Harald zur Hausen hakukubali. Yeye alishuku virusi vya chunjua. Timu yake ilipata aina ya 6 na ya 11, lakini hizo huleta chunjua za sehemu za siri, na katika kansa hazikuonekana sana. Wakaendelea kutafuta. Mwaka 1983 walitangaza aina ya 16, waliyoikuta ndani ya kansa yenyewe, na 1984 aina ya 18. Mwaka 2008 zur Hausen alipewa tuzo ya Nobel.

Leo zinajulikana aina zaidi ya 200. Aina ya 16 na 18 husababisha karibu asilimia 70 ya kansa ya mlango wa kizazi duniani, na hazioti chunjua. Mara nyingi mwili huzishinda wenyewe. Zikibaki miaka mingi, zinaweza kuleta kansa bila mama kuhisi lolote mwanzoni.

Chanjo ilianza kutumika 2006. Rwanda iliwapa wasichana wake 2011. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, 2018. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri chanjo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na uchunguzi kwa akina mama kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na virusi vya ukimwi. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kupaka siki na kuona doa jeupe, litibiwe kabla halijawa kansa.

Basi mama asingoje chunjua ndipo aende kupimwa.