Nani Aliwafukuza Mateja kwa Daktari?

Ukimkuta teja kajikunyata kibarazani, makamasi yanamtoka, tumbo linamsokota, mifupa inamuuma utadhani kapigwa mchi, hiyo ndiyo arosto. Ni ugonjwa, tena una dawa. Sasa mbona hatumpeleki kwa daktari wa kawaida kama mwenye kisukari? Nimelichimba swali hili, na mizizi yake nimeikuta mbali: Marekani, kwenye sheria ya kodi.

Naam, kodi! Sheria ya Harrison ya mwaka 1914 iliwataka wanaoshughulika na afyuni na kokeini wajiandikishe na kulipa ushuru. Daktari aliruhusiwa kumwandikia mgonjwa wake, mradi iwe katika kazi yake ya uganga. Lakini mwaka 1919, katika kesi ya daktari aitwaye Webb, Mahakama Kuu ya huko ikaamua kuwa kumpa mraibu mofini ili tu aendelee na hali yake ya kawaida, hiyo si tiba. Basi, kwisha kazi. Madaktari wakashtakiwa, wengine wakafungwa, na waliobaki wakajifunza kumwonyesha mraibu mlango. Waingereza walifuata njia yao: mwaka 1926 kamati ya Rolleston ilikubali daktari aendelee kumpa dawa mgonjwa ambaye bila hiyo hawezi kujimudu.

Mwaka 1964, New York, Vincent Dole na Marie Nyswander wakaanza kutibu kwa methadoni. Dawa hii hukaa mwilini siku nzima. Ukipewa kwa kipimo chako, arosto haiji na stimu haipo. Mwaka 1965 wakachapisha habari za wagonjwa 22, watu walioonekana wameshindikana, wakiwamo waliorudi shule na kazini. Lakini nayo ikafungiwa kwenye vituo maalumu: foleni kila siku, unakunywa mbele ya muuguzi.

Sura hiyo ndiyo tuliyoirithi Muhimbili ilipoanza methadoni Februari 2011. Siwabezi hata kidogo, binamu yangu yu hai kwa ajili ya kikombe kile. Ila jamani, nauli ya kila siku kutoka Mbagala si mchezo! Siku alizokosa nauli alirudi kijiweni, na kijiweni hapakosi mtu wa kumkopesha kete.

Wafaransa ndio walionishangaza. Ukimwi ulikuwa unawamaliza waliojidunga, vituo vilikuwa vichache, wakaamua kumkabidhi kazi daktari wa mtaani. Kuanzia Februari 1996 daktari yeyote aliweza kuandika buprenofini, iliyouzwa kwa jina la Subutex, bila kibali maalumu. Dawa hii huwasha mwili nusu nusu: inatuliza arosto, lakini ikifika kiwango fulani haiongezi nguvu, hivyo si rahisi ikate pumzi kama heroini. Vifo vya kuzidisha dawa vilishuka kwa asilimia 79 kati ya 1995 na 1999. Siyo kwamba hapakuwa na uchafu: wapo waliosaga vidonge wakajidunga, wapo waliouza. Nilipomsimulia binamu yangu aliuliza kitu kimoja tu: "Unapewa ya siku ngapi?" Nikamwambia daktari anaweza kuandika mpaka siku 28. Akanyamaza kimya.

Mwaka huohuo wa 1996, Marekani ilianza kuuza OxyContin, na daktari aliiandika bila mafunzo ya ziada. Sheria ya mwaka 2000 ilipowaruhusu kutumia buprenofini kutibu uraibu, waliwekewa masharti: masomo ya saa 8, kibali cha pekee, na mwanzoni wagonjwa wasizidi 30. Yaani kumtia mtu shimoni hakukuhitaji kibali, ila kumtoa! Kibali hicho kilifutwa Desemba 2022, miaka 108 baada ya Harrison.