Kuchora saa za wanyama kwa R bila kumkata fisi vipande viwili

Wadau wa wanyamapori na takwimu, hii inawahusu, hasa nyie mnaoandika ripoti za chuo kwa picha za kamera zinazotegwa porini.

Mfano upo hapa hapa Bongo. Mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza 2010, ulitega kamera 225 kwenye kilometa za mraba 1,125. Mnyama akipita, kamera inapiga picha yenyewe na kuandika saa. Hiyo saa ndo mali. Ukiwa nazo mia kadhaa unajua mnyama gani anatembea muda gani, na mfugaji anajua alinde zizi saa ngapi.

Sasa tatizo: wengi wanaichukua saa kama rula ya 0 mpaka 24, wakati saa ni duara. Chukua picha mbili za fisi, moja saa 5 usiku (23:00), nyingine saa 7 usiku (01:00). Piga wastani wa kawaida: 23 jumlisha 1, gawa kwa 2, unapata 12. Yaani saa 6 mchana, jua la utosi! Grafu ya kawaida nayo inamkata fisi, nusu kushoto, nusu kulia, katikati peupe. Mfugaji akiifuata hiyo, mbuzi kwisha habari.

Dawa ni R, programu ya bure iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, New Zealand. Inaweza kukaa kwenye flash, kwa hiyo hata kafe wasipokuruhusu kuweka programu kwenye mashine yao poa tu. Ndani yake ongeza pakeji inayoitwa overlap, iliyotokana na kazi ya Martin Ridout na Matthew Linkie ya 2009. Inakuja na data za mazoezi za wanyama wa Kerinci, Sumatra, simbamarara akiwemo.

Geuza saa iwe sehemu ya siku (18:00 ni 0.75), zidisha kwa 2 na kwa pi, kisha iite densityPlot. Kwa mnyama wa usiku ongeza xcenter="midnight" ili usiku wa manane ukae katikati ya mchoro. Wanyama wawili? overlapPlot inachora, overlapEst inatoa namba kati ya 0 na 1. Kundi dogo likiwa chini ya picha 50 soma Dhat1, likizidi 75 soma Dhat4. Ila 1 haina maana kwamba wanakutana. Ratiba inaweza kuwa moja na kila mmoja yuko bonde lake.

Fisi mmoja akikaa mbele ya kamera akapigwa picha 40, hao si fisi 40. Wengi wanahesabu tukio jipya baada ya dakika 30.

Na hili la kwetu wenyewe: kamera inaandika saa za kizungu, daftari la porini mtu anaandika saa za Kiswahili. Saa 7 usiku ukiiingiza kama 7 bila kugeuza, R inamweka fisi wako asubuhi na watoto wa shule. Programu haitalalamika hata kidogo, itakuchorea mchoro mzuri tu. Linganisheni daftari na picha kwanza.

Aliyekwama atupie swali hapo chini.