Plagi ya Pini Nane: Kwa Nini Mashine Yako ya Ex-UK Inakataa Kadi ya Gemu

Bonasi ya majani inakaribia, na kama kila mwaka swali linalojaa kwa jumbe zangu ni lilelile: "Nimepata mashine ya ex-UK bei poa, nikiiwekea kadi ya grafiki itabeba GTA?" Mmoja anauliza kutoka Litein, mwingine Sotik, mwingine yuko Kipsitet huko chini Soin kwenye joto. Wote wanataka ndiyo au hapana.

Leo nawapa historia. Vumilieni kidogo, kwa sababu ukijua hii story hutauziwa kadi isiyoingia. Kwa nini kitu hiki kinakubali kuchomekwa na kile kinakataa? Mara nyingi ni kampuni fulani ilikaa chini ikaamua hivyo ikiwaza pesa, na uamuzi wenyewe ulifanywa kabla hujazaliwa.

Mtu wa majani chai ataelewa haraka. Mkulima mdogo amesajiliwa na kiwanda kimoja cha KTDA, tuseme Kapkoros, Momul au Mogogosiek. Majani yake yanapimwa kwa kituo chake, yanaenda kwa kiwanda chake. Mnunuzi ni mmoja. Bonasi ikiwa ndogo (na huku Magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea kupata kidogo kuliko watu wa Mlima Kenya) unanung'unika, halafu Jumatatu unabeba kikapu tena. Kompyuta nyingi za zamani zilikuwa hivyo. Ukinunua ya kampuni fulani, basi diski, waya, programu, kila kitu unarudi kwa mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa Agosti 12, 1981, na cha kuchekesha ni kwamba aliyeufungua alikuwa mkubwa wao, IBM. Walikuwa wamechelewa kuingia soko la kompyuta ndogo. Timu moja kule Boca Raton, Florida, chini ya Don Estridge, ikapewa karibu mwaka mmoja tu. Kwa mwaka mmoja huwezi kubuni kila kitu, kwa hivyo wakanunua vitu vilivyokuwa tayari: prosesa ya Intel 8088, mfumo wa uendeshaji wa Microsoft. Kwa bodi wakaweka sloti tano za kuchomeka kadi. Bei ilianzia dola 1,565. Halafu wakafanya kitu ambacho leo kingemfukuzisha mtu kazi: walichapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi, mpaka maandishi ya BIOS yenyewe, ili kampuni zingine zitengeneze kadi za kuingia humo. Ulinzi wao uliobaki ulikuwa hakimiliki ya hiyo BIOS.

Wanaume watatu waliotoka Texas Instruments waliona hapo pana mwanya. Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto walianzisha Compaq kule Houston mwaka 1982. Ujanja wao ulikuwa safi kisheria. Kundi moja linaeleza BIOS ya IBM inafanya nini, bila kunakili hata mstari. Kundi la pili, ambalo halijawahi kuona ile ya IBM, linaandika BIOS mpya kutokana na maelezo hayo. Mashine yao ilitangazwa Novemba 1982 ikaanza kuuzwa 1983. Eti ilikuwa ya kubebeka, na uzito wake ni karibu kilo 13. Hiyo ni kubebeka kama vile mtungi wa gesi unabebeka.

Sasa sikizeni hapa wachezaji gemu. Miaka hiyo mtu akikuuzia nakala ya IBM, ungejuaje kama inafanana kweli na sio maneno ya muuzaji tu? Watu waliweka programu mbili. Moja ilikuwa Lotus 1-2-3, ya hesabu za ofisi. Nyingine ilikuwa Microsoft Flight Simulator. Gemu! Zote mbili zilikuwa zinagusa vifaa moja kwa moja bila kupitia njia rasmi, kwa hivyo nakala feki ilianguka hapo hapo. Kwa hivyo mzazi akikuambia gemu ni kupoteza wakati, mwambie kwa heshima kwamba gemu lilikuwa mtihani wa kompyuta za ofisi.

IBM ikaona soko linaponyoka. Aprili 1987 ikaleta laini mpya, PS/2, yenye sloti mpya iliyoitwa Micro Channel. Ilikuwa nzuri kiufundi, sitakataa. Lakini kadi zako za zamani hazikuingia, na kampuni yoyote iliyotaka kutumia sloti hiyo ilibidi ilipe IBM. Mwaka uliofuata kampuni tisa, Compaq mbele, na HP ndani yake, zikaungana zikatangaza sloti yao iliyoendelea kupokea kadi za zamani, EISA. Sokoni hiyo sloti ya kina Compaq haikuwa kitu kikubwa, ila ujumbe ulifika. IBM ikapoteza usukani wa kitu ilichokizaa yenyewe, na mwaka 2005 biashara yake ya kompyuta hizo ikaenda kwa Lenovo. Kilichobaki cha PS/2 ni ile plagi ya duara ya kibodi na mausi, zambarau na kijani, ambayo bado unaiona nyuma ya mashine nyingi.

Tuje kwa umeme, maana hapo ndipo mashine nyingi za huku zinafia. Kwenye kompyuta za AT za miaka ya themanini na mwanzo wa tisini, umeme uliingia kwa bodi kupitia plagi mbili zilizofanana, P8 na P9, zimekaa bega kwa bega. Ungeweza kuzibadilisha bila kujua. Kanuni ya mafundi ilikuwa moja: nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, bodi inaungua. Mwaka 1995 Intel ilitoa kiwango kinaitwa ATX. Plagi ikawa moja, pini 20, inaingia upande mmoja tu, baadaye zikawa 24. ATX pia ilipanga mashimo ya skrubu yakae wapi, milango ya nyuma ikae wapi, kasha liwe na umbo gani. Ndio sababu leo unaweza kununua kasha kwa mtu wa Luthuli Avenue, bodi kwa mtu mwingine, pawa saplai kwa wa tatu, na vitu vitatu ambavyo havijawahi kuonana vikaelewana. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kizuri zaidi Intel imewahi kufanya, kuliko prosesa yoyote.

Na ni Intel haohao waliovunja nyumba nyingine. Katikati ya miaka ya tisini kulikuwa na soketi inaitwa Socket 7. Bodi moja ingeweza kupokea Pentium ya Intel, K6 ya AMD, au prosesa ya Cyrix. Hebu fikiria leo unatoa Core i5 unachomeka Ryzen palepale! Mwaka 1997 Intel ikahamia Slot 1 kwa Pentium II na wapinzani hawakuruhusiwa kuifuata. AMD ikajibu 1999 na Slot A, ambayo ilitumia kiunganishi kilekile kimegeuzwa nyuma mbele, lakini umeme na mawasiliano ndani ni tofauti kabisa. Tangu hapo swali la kwanza la kujenga kompyuta ni: wewe ni wa Intel au wa AMD?

Hata ukichagua Intel bado kuna mtego. Soketi ya LGA 1151 ilikuja 2015 na prosesa za kizazi cha 6, ikabeba za 7. Oktoba 2017 kizazi cha 8 kikatoka na soketi ya jina hilohilo, umbo hilohilo, pini idadi ileile, na bado hakiwaki kwa bodi za zamani. Kwa hivyo ukiwa na OptiPlex 7050, usinunue i7-8700 kwa sababu eti "soketi ni moja". Itakaa vizuri kabisa na haitawaka. AMD nao walijaribu: Mei 2020 walisema bodi za B450 hazitapata prosesa za Ryzen zinazofuata. Watu wakapiga kelele mtandaoni, na mwezi huohuo AMD wakageuza msimamo. Soketi ya AM4 ikabeba kuanzia Ryzen za kwanza za 2017 mpaka 5800X3D ya 2022, ukishasasisha BIOS. Kelele za wateja huwa zinafanya kazi. Watu wa bonasi, mmesikia.

Haya, sasa mashine yako ya ex-UK. Mashine hizi zilikuwa za maofisi huko nje, mkataba ukaisha, zikaingia kwa kontena, zikafika Nairobi, na moja ikapanda matatu mpaka Kericho. Ni mashine imara na mimi nazipenda. Shida ni kwamba Dell na HP walipokuwa wakiziunda hawakumfikiria kijana wa Sosiot anayetaka kuchomeka kadi ya gemu. Walimfikiria mtu wa ofisi ambaye hatawahi kufungua kasha.

OptiPlex 7010 ya 2012, ile ya mnara, ilikuwa na plagi ya kawaida ya pini 24. Mwaka uliofuata ikaja 9020, na plagi ya bodi ikawa pini 8. EliteDesk 800 G1 ya HP ikawa na pini 6. Pawa saplai ya dukani haiingii humo bila adapta. Na ile iliyokuja nayo, kwa 9020 ya mnara ni wati 290, haina waya wa kulisha kadi kubwa. Dell walikuwa na historia mbaya zaidi: mwishoni mwa miaka ya tisini walitumia plagi yenye umbo la ATX kabisa, ila nyaya ndani zimepangwa tofauti. Ukichomeka ya kawaida, inaingia vizuri, halafu moshi. Angalau pini 8 inakukataa mapema.

Na kuna kejeli hapa inanichekesha. HP, mmoja wa wale tisa waliopinga sloti ya IBM, ndiyo iliyoinunua Compaq mwaka 2002. Kwa hivyo EliteDesk yenye plagi yake ya peke yake ni mjukuu wa kampuni iliyovunja kufuli ya kwanza.

Basi unafanya nini? Sloti ndefu ya kadi, PCI Express, inaruhusiwa kutoa wati 75 kwa kadi bila waya wa ziada. Ndiyo maana GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 zimekuwa kama ugali kwa wenye ex-UK: kuna matoleo yake yasiyo na plagi ya umeme juu, yanakunywa kutoka kwa sloti tu. Angalia ile kadi yenyewe, kwa sababu watengenezaji wengine waliweka plagi. Kama mashine ni ile nyembamba ya kulala, tafuta kadi fupi yenye bamba fupi, la sivyo utabaki na kasha wazi kama duka la fundi viatu. RX 580 inataka wati 185 na waya wa pini 8, kwa hivyo hiyo iache kabisa, hata kama bei inakuita. RAM nayo: 9020 ni DDR3, 7050 ni DDR4, na pengo la katikati limehamishwa makusudi usiweze kulazimisha.

Halafu kuna mambo ya kwetu. Kericho juu kuna baridi, mashine inapumua yenyewe. Ukishuka Soin ni habari nyingine, na feni moja ya ofisi pamoja na kadi ya wati 75 ndani ya kasha jembamba ni jiko. Ongeza feni au chukua ya mnara. Na hii ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na radi huja na mvua. Wingu likiwa jeusi chomoa waya ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Mwaka 2020 Intel walipeleka sokoni kiwango kipya cha umeme, ATX12VO: plagi ya pini 10, volti 12 pekee, kazi ya kuzigawa inafanywa na bodi yenyewe. Ukiangalia vizuri, ni wazo lilelile Dell na HP walikuwa nalo kwenye pini 8 na pini 6, sasa limeandikwa likawa wazi kwa kila mtu. Bado bodi nyingi za dukani zina pini 24.

Mwenye bonasi ya Oktoba, kabla hujatuma pesa kwa simu, mwambie muuzaji afungue kasha akupigie picha mbili: lebo ya pawa saplai inayoonyesha wati, na plagi inayoingia kwa bodi. Hesabu pini. Akikataa kufungua, kuna muuzaji mwingine.