Upimaji wa kromosomu za mimba

Upimaji huu hutafuta kasoro katika idadi au umbo la kromosomu za mtoto aliye tumboni. Kwa kawaida seli ya binadamu ina kromosomu 46. Ya 21 ikizidi moja, mtoto huwa na sindromu ya Down, chanzo kilichobainishwa Paris mwaka 1959. Umri wa mama huongeza uwezekano: kwa mwenye miaka 25 ni chini ya mtoto 1 kati ya 1000, kwa mwenye 40 takriban 1 kati ya 100.

Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kuwa DNA ya mtoto wa kiume hupatikana katika damu ya mama. Leo mama hutolewa damu kuanzia wiki ya 10 ya mimba ili kupima DNA ya mtoto. Ila DNA hiyo hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, kwa hiyo jibu la kutisha bado ni shaka tu.

Uthibitisho huhitaji kuchukua seli za kondo kuanzia wiki ya 11, au maji ya uzazi kwa sindano kuanzia ya 15, altrasaundi ikiongoza. Mara chache, mimba huharibika kutokana na vipimo hivi.